Rekodi za Langas: Jiji la Juu, Kiwanja Kidogo, Kisima Kifupi

Eldoret ni mji unaopenda rekodi. Wageni huambiwa wamefika nyumbani kwa mabingwa kabla hata hawajaulizwa wanataka kwenda wapi. Langas haumo kwenye sifa hizo. Mtaa huu uko kusini mwa jiji, kando ya barabara inayokwenda Kapsabet na Kisumu, na redioni husikika siasa inapochafuka au nyumba zinapoungua. Siku nyingine zote watu wake huamka, hupanda matatu kwenda kujenga na kufagia jiji la wengine, na jioni hurudi na unga.

Lakini Langas ni wadi kamili ya eneo bunge la Kapseret, sawa na Kipkenyo, Ngeria, Megun na Simat/Kapseret, na ina historia yake. Kwa kuwa hakuna aliyeipangia orodha ya vinara, nimeipangia hii. Baadhi ya rekodi ni za jiji zima, nyingine za uwanda wote wa Uasin Gishu. Nimechukua zile ambazo mtu wa Langas anaziishi, apende asipende.

Jiji la juu kuliko yote

Tarehe 15 Agosti 2024 Rais William Ruto aliukabidhi Eldoret hati ya kuwa jiji, la tano nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. La mwisho kupandishwa cheo ndilo lililo juu kuliko yote: takriban mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Nakuru linafuata kwa mita 1,850 hivi, Nairobi halifiki 1,800, Kisumu liko kwenye 1,100 na kitu, na Mombasa liko na miguu majini.

Kuna pia rekodi ya pili ambayo watu wachache huitaja: Eldoret ndilo jiji pekee kati ya hayo matano lililo kaskazini mwa Ikweta. Kisumu limeikosa kidogo tu. Mtu wa Langas anayesafiri kwenda Nakuru huvuka mstari wa katikati ya dunia ndani ya basi, mara nyingi akiwa amelala mdomo wazi.

Urefu huo hulipiwa jikoni. Maji ya Langas huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Chai haijali. Githeri inajali sana. Sufuria ya mahindi na maharagwe makavu ambayo Mombasa ingeiva mapema, huku hukaa jikoni muda mrefu zaidi, na kila nusu saa ya ziada ni makaa. Mama anayenunua makaa kwa kikopo hahitaji kufundishwa fizikia. Anaijua kwa mfuko wake.

Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Eldoret, uliojengwa Kapseret katika miaka ya 1990 enzi za Rais Moi, uko kwenye barabara hii hii ya Langas, na wenyewe unalipa ada ya urefu. Hewa nyepesi haibebi bawa vizuri, kwa hiyo ndege hukimbia zaidi kabla ya kuinuka. Njia ya kurukia ina karibu kilomita tatu na nusu, ndefu kuliko njia kuu ya Mombasa. Ilipojengwa ililalamikiwa vikali, wengi wakiuliza nani atapanda ndege Eldoret. Siku hizi swali hilo haliulizwi tena na mtu aliyewahi kutafuta kiti dakika za mwisho.

Ahadi kubwa kuliko zote, na haikutimia

Mwaka wa 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikubali Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi wapewe nchi ya kukaa. Nchi yenyewe ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, maili za mraba zipatazo 5,000. Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayoni waliokuwa wakiwatafutia Wayahudi nchi yao, aliipeleka ahadi hiyo mbele ya mkutano wao mjini Basel mwaka huo huo, na nusura mkutano uvunjike kwa ugomvi. Mapema mwaka wa 1905 wajumbe watatu walikuja kuikagua nchi kwa miguu. Waliporudi ripoti haikutia moyo, na kiangazi cha mwaka huo mkutano ukaikataa ofa moja kwa moja.

Sijui ardhi nyingine ya Kenya iliyowahi kuahidiwa kwa kiwango hicho kwa watu ambao hawajaiona. Na ninachokiona cha ajabu si kwamba ofa ilikataliwa. Ni kwamba Waingereza waliitoa nchi wakiiita tupu. Uwanda ule ulikuwa malisho ya Wamaasai wa Uasin Gishu mpaka vita vya karne ya 19 vikawatawanya, na baadaye Wanandi wakawa wanachunga humo. Hao Wanandi ndio wenye rekodi nyingine: upinzani wao dhidi ya Waingereza, uliodumu takriban miaka 11, huhesabiwa kuwa wa muda mrefu kuliko wowote katika nchi hii. Ulikatwa kichwa tarehe 19 Oktoba 1905, siku afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen alipomwita kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, kwenye mazungumzo ya amani akampiga risasi. Ofa kwa Wayahudi ilikataliwa na kiongozi wa wenyeji akauawa, yote ndani ya miezi michache. Miaka mitatu baadaye walowezi wakafika kwa wingi.

Jiji lililozaliwa na nambari ya shamba

Walowezi hao walikuwa Makaburu wa Afrika Kusini. Ndugu watatu wa ukoo wa Van Breda walitangulia mwaka wa 1903. Kisha mwaka wa 1908 msafara wa Jansen van Rensburg, watu zaidi ya 200, ulipanda meli ya Windhuk mpaka Mombasa, ukapanda treni mpaka Nakuru, na kutoka hapo ukapandisha milima kwa magari ya kukokotwa na maksai. Walifika karibu na mwamba wa Sergoit mwezi wa Oktoba.

Nairobi, Nakuru na Kisumu ya leo ni watoto wa reli. Mombasa ni bandari ya kale. Eldoret lilianza kama nambari kwenye daftari la mpimaji: Shamba 64, ambalo ardhi yake haikusifiwa, ndiyo maana likafaa kwa posta mwaka wa 1910. Wenyeji wakapaita Sisibo, yaani sixty-four kwa matamshi yao. Jina la Eldoret likaja rasmi mwaka wa 1912, na reli ikafika mwaka wa 1924, mji ukiwa tayari na benki, hoteli na walevi. Kuhusu benki, wazee hawachoki kusimulia kwamba sefu ya Standard Bank ilianguka kutoka kwenye gari la maksai, ikawa nzito mno kuinuliwa, basi benki ikajengwa kuizunguka pale pale. Ni hadithi ya mji mzuri. Nairobi haina ya kulingana nayo.

Reli yenyewe ilileta rekodi. Kabla ya kuteremkia Eldoret ilibidi ipande Timboroa, na kituo cha Timboroa, zaidi ya mita 2,740, kikawa cha juu kuliko vyote katika himaya nzima ya Uingereza.

Kutoka maelfu ya ekari hadi pointi moja

Hapa ndipo Langas yenyewe inapoingia, na hapa nitakaa.

Mashamba ya walowezi yaliyouzunguka mji yalihesabiwa kwa mamia na maelfu ya ekari. Langas ilikuwa shamba mojawapo. Uhuru ulipokaribia, Makaburu wengi walifunga mizigo wakarudi kusini, na mashamba yakaingia mikononi mwa Waafrika, mmoja mmoja au kwa vikundi vilivyochangishana. Kisha mji ukaanza kuvuta watu. Vikaja viwanda vya nguo na sufu, vya mbao na miwati, na kile cha nguo cha Rivatex katikati ya miaka ya 1970. Mwaka wa 1984 Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa upande wa Kesses, cha pili cha umma nchini. Vibarua wa sehemu zote hizo walihitaji mahali pa kulala pasipohitaji mshahara wa bwana. Mjini nyumba hazikuwapo. Langas ilikuwa ardhi ya shamba, nje kidogo ya mipango ya manispaa, na wenye ardhi walikuwa tayari kuuza.

Waliuza kwa vipande. Kwanza ekari, kisha nusu, kisha kile ambacho kila mtu wa Eldoret anakiita fifti kwa handred, futi 50 kwa 100, yaani sehemu ya nane ya ekari. Aliyenunua akakata tena akauza pointi moja, sehemu ya kumi ya ekari, au chini ya hapo. Kwenye kipande hicho akajenga safu mbili za vyumba vya futi kumi kwa kumi, mlango ukitazama mlango, kamba ya nguo katikati, choo cha shimo nyuma. Sijui uwanda mwingine wa Kenya ambako ndani ya maisha ya mtu mmoja ardhi imepita kutoka shamba ambalo mwenyewe alihitaji farasi kulizunguka, hadi kiwanja ambacho mwenyewe hukimaliza kwa hatua kumi na tano.

Tatizo likawa karatasi. Sheria ya mwaka wa 1967 inataka uuzaji wowote wa ardhi ya kilimo upate kibali cha bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba utiwe saini. Bila kibali mkataba hauna nguvu kisheria, hata kama fedha zimehesabiwa mbele ya kanisa zima. Watu wa Langas walinunua kwa agrimenti. Wengi hawakuijua bodi, na wachache walioijua walijua pia kwamba haingekubali ardhi ya kilimo ikatwe mapande madogo namna ile. Hivyo mtu akawa na kiwanja, nyumba, wapangaji na kaburi la mzazi, ila hana hati miliki.

Agrimenti ya kawaida ya Langas ni fulskapu moja, iliyoandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu, pengine na karani wa mtaani mwenye mwandiko mzuri. Juu kuna tarehe na jina la shamba. Kati kuna kiasi kilichopokelewa na kiasi kilichobaki, na ahadi ya kumaliza baada ya mavuno. Mipaka inaelezwa kwa majirani: upande huu fulani, upande ule njia. Chini kuna saini ya mnunuzi, alama ya kidole gumba cha muuzaji, mashahidi wawili, na muhuri wa mzee wa mtaa kama alikuwapo. Karatasi hiyo imekunjwa mara nne, ikatiwa kwenye nailoni, ikawekwa ndani ya Biblia au chini ya godoro. Mikunjo imeanza kukatika, na kwa bahati mbaya mara nyingi hukatikia kwenye namba.

Karatasi za namna hiyo zimefikishwa mahakamani kwa miongo, maana muuzaji hufariki, warithi huhesabu upya, na kipande kimoja huibuka na wanunuzi wawili. Kama kuna tuzo ya mtaa ulioaminiana kwa muda mrefu zaidi bila hati, Langas ingeingia fainali. Na nasema waliaminiana kwa makusudi. Tunazisikia kesi kwa sababu zimefika kortini. Maelfu ya viwanja ambavyo jirani aliheshimu ua wa jirani kwa miaka arobaini havikuandikiwa habari na mtu.

Rekodi ya aibu

Mwaka wa 2007 jarida moja la afya ya mijini la Marekani lilichapisha utafiti wa Elizabeth Kimani-Murage na Augustine Ngindu kuhusu maji ya Langas. Ni miongoni mwa maandishi machache ya kisayansi ambayo Langas ndiyo mada yake hasa, si mfano wa kupitia. Watafiti waliwahoji watu 192 na kuchukua sampuli 40 za maji kutoka mahali ambapo watu hao huteka: 31 kutoka visima vifupi, nne kutoka visima virefu, tano kutoka mabomba.

Asilimia 91 ya waliohojiwa walitegemea visima. Vyoo vya shimo, kama asilimia 40 yake, vilikuwa chini ya mita 15 kutoka kwenye kisima. Sampuli za visima vifupi zote 31, bila kubakiza hata moja, zilikutwa na bakteria wa jamii ya kolifomu, na 30 kati yake zilikuwa na wale wanaoashiria kinyesi. Visima virefu vitatu kati ya vinne navyo vilikutwa na kolifomu. Mabomba matano yalikuwa safi kabisa.

Asilimia mia moja ni rekodi ambayo haiwezi kuvunjwa. Inaweza tu kufutwa.

Sababu yake kubwa haikuwa uchafu wa watu, ingawa hivyo ndivyo mitaa ya matajiri kama Elgon View inavyopenda kuamini. Rudi kwenye kiwanja cha pointi moja. Una vyumba kumi na viwili, familia kumi na mbili. Lazima uwe na choo, na manispaa haijaleta bomba la majitaka. Lazima uwe na maji, na bomba la maji halijafika. Unachimba kisima. Kiwanja kimejaa vyumba, basi hata ukijaribu kuweka choo kona ya kusini na kisima kona ya kaskazini, mita 15 hupatikana kwa shida. Na ukibahatika kuzipata, jirani yako amechimba choo chake nyuma ya ukuta, hatua nne kutoka kwenye kisima chako. Mvua za Aprili zikishuka, maji ya ardhini hupanda na vyote viwili vikawa kitu kimoja. Hesabu ya ardhi ndiyo iliyochafua kisima.

Mtu aliyewahi kuteka kisima cha aina hiyo anakijua. Mdomo umejengewa kwa mawe na saruji, kifuniko ni bati lenye mbao, kuna mtungi wa plastiki wa lita tano uliokatwa juu na kufungwa kamba ya raba ya tairi. Maji yakitoka ni meupe na baridi. Hayana harufu. Ndiyo shida yake: kwa macho hayo maji ni bora kuliko ya mto Sosiani, na mtoto akiharisha hulaumiwa maziwa.

Takwimu hizo ni za wakati huo, na mtaa umebadilika, nyumba za ghorofa zikiota palipokuwa na udongo na mabati. Lakini angalau somo la yale mabomba matano halijachakaa. Dawa ilikuwa inajulikana, tena iko mtaani, ikitoka kwenye mfereji wa mtu mwenye uwezo. Anayeteka kisima leo na achemshe. Nyuzi 93 za hapa kwetu zinatosha kuua vijidudu hivyo.

Kukua upesi, kukaa pamoja, kupigana

Sensa ya 1969 iliwahesabu watu kama 18,000 Eldoret. Ile ya 1979 ikakuta zaidi ya 50,000, karibu mara tatu katika miaka kumi. Mwaka wa 1989 walipita 111,000. Mwaka wa 2019 walikuwa 475,716, wakiwa wameshaipita Kisumu iliyokuwa jiji tangu 2001. Muongo wa kasi kubwa kuliko yote ni ule wa sabini, na ndio uliotoa agrimenti nyingi ninazozisema.

Waliokuja walitoka kila upande. Langas ni Kikuyu, Luhya, Luo, Kalenjin, Kisii, Turkana na wengine, na sehemu yake mojawapo inaitwa Kisumu Ndogo bila mtu kushangaa. Ndani ya safu moja ya vyumba utasikia lugha nne zikigombana na Kiswahili kikizisuluhisha. Mchanganyiko huo ndio ukwasi wa mtaa, na ndio uliolengwa. Baada ya matokeo ya urais kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, Langas ilikuwa miongoni mwa sehemu za Eldoret zilizoungua na kupigana, na zilizosikia risasi za polisi. Nchi nzima ilipoteza watu 1,133 kwa hesabu ya tume ya Jaji Philip Waki iliyochunguza ghasia hizo. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Eldoret uligeuka kuwa mojawapo ya kambi kubwa za wakimbizi wa ndani.

Sina haja ya kuyarudia yaliyofanyika. Nitataja mtu mmoja tu, kwa sababu rekodi yake hairudiwi. Askofu Cornelius Korir wa Jimbo Katoliki la Eldoret alifungua uwanja wa kanisa kuu la Sacred Heart kwa maelfu ya waliokimbia, bila kuuliza kabila wala dhehebu. Yeye mwenyewe alikuwa Mkalenjin, na wengi aliowahifadhi walikuwa wakiwakimbia Wakalenjin. Baadaye alikaa miaka akiwapatanisha majirani kijiji kwa kijiji, akaandika kitabu kuhusu kazi hiyo, *Amani Mashinani*. Alifariki Oktoba 2017, na mazishi yake yaliwakutanisha watu ambao hawakutani.

Rekodi za miguu

Hizi mnazijua, basi kwa haraka. Kipchoge Keino aliweka rekodi ya dunia ya mita 3,000 mwaka wa 1965, 7:39.6, na miezi mitatu baadaye akachukua ya mita 5,000. Henry Rono wa Nandi, mwaka wa 1978, alivunja rekodi nne za dunia katika masafa manne tofauti ndani ya siku 81, jambo ambalo hata likiandikwa halieleweki. Eliud Kipchoge alimaliza kilomita 42 mjini Vienna kwa 1:59:40 mwaka wa 2019, ingawa haikuhesabiwa rasmi. Kelvin Kiptum akakimbia Chicago kwa 2:00:35 Oktoba 2023, akafa barabarani Kaptagat Februari iliyofuata, akiwa na miaka 24.

Langas haidai mguu wowote kati ya hiyo. Inachodai ni barabara. Mwanariadha anayetoka Kaptagat au Iten kwenda kupanda ndege Kapseret hupitia hapa, na akirudi na medali msafara wake hupunguza mwendo kwenye stendi ya Langas kwa sababu bodaboda wamejaa njiani. Tangu uwanja huo ujengwe, vijana wa Langas ndio watu wa kwanza wa jiji kumshangilia bingwa, kabla ya magavana na kamera za mjini.

Na kwa sababu rekodi huletwa na walio hai, Hospitali ya Rufaa ya Moi nayo itajwe: ilianza mwaka wa 1917 ikiwa na vitanda 60, leo ni ya pili kwa ukubwa kati ya hospitali za rufaa za taifa. Watoto wengi wa Langas wamezaliwa humo kuliko nyumbani, nami nabashiri tu hapa kwa kutazama foleni ya matatu za asubuhi.

Daftari lisilokuwapo

Mwaka wa 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia ya Uingereza iwe na daftari la ubatizo, ndoa na mazishi, lijazwe kila Jumapili, na litunzwe kwenye sanduku lenye kufuli mbili. Ndiyo maana leo mkulima wa kijiji chochote cha huko anaweza kumtaja babu wa babu wa babu yake na siku aliyozikwa. Mwaka wa 1789 kasisi Gilbert White alichapisha kitabu kizima kuhusu ndege, wadudu na magofu ya parokia yake moja ndogo, Selborne, na kitabu hicho kinasomwa mpaka sasa. Selborne haikuwa na lolote kubwa. Ilikuwa na mtu aliyeandika.

Langas ina watu wengi kuliko Selborne ilivyowahi kuota, na daftari zake zipo, ila zimetawanyika. Ziko kwenye rejesta za ubatizo za makanisa, kwenye vitabu vya kuandikisha wanafunzi, ofisini kwa chifu, kwenye ripoti za mwaka za wilaya ya Uasin Gishu zilizohifadhiwa Nyaraka za Taifa, Nairobi. Zaidi ya zote ziko kwenye zile nailoni ndani ya Biblia. Orodha niliyoandika hapa juu imejaa wakubwa, makasisi na wanariadha kwa sababu hao ndio walioandikwa. Mtu wa kwanza kununua fifti kwa handred Langas, aliyechimba kisima cha kwanza, aliyeendesha matatu ya kwanza kutoka stendi hii, kila mmoja ana jina, na lipo kinywani mwa mtu fulani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Langas, ombi langu ni hili. Itoe agrimenti ya baba, ipige picha kwa simu pande zote mbili, na uandike nyuma ya nakala majina kamili ya mashahidi na kiwanja kilipo sasa. Kisha mfuate mzee au mama aliyenunua mapema, ukamwulize nani aliuza, kwa bei gani, na nani alikuwa jirani. Aliyenunua mwaka wa 1975 akiwa na miaka 30 sasa amepita themanini. Nenda wiki hii.